Dhahabu Isiyo na Mchimbaji

Mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili, usiku mwingi uliishia kwenye Age of Empires II, mchezo wa kompyuta wa 1999 ambao hadi leo una wachezaji wake. Unaanza na wanakijiji wachache, unatafuta mali, unajenga jeshi. Mwenzangu wa chumbani alinifunga kila mara, nikaamua kufungua daftari na kujiuliza: kipato kipi ni bora?

Shamba linagharimu mbao 60 na kutoa chakula 175, kisha linachoka, unalipa tena. Muda wote huo lazima mtu awepo akilima. Mgodi wa dhahabu unalipa vizuri, lakini una mwisho. Msafara wa biashara hauna mwisho, ila unahitaji soko la mchezaji mwingine. Soko hilo likibomolewa, safari zako nazo zimekwisha. Halafu kuna masalia matakatifu. Mtawa anayaokota, anayahifadhi katika nyumba ya watawa, basi. Dhahabu 30 zinaingia kila dakika, bila jembe wala sururu, ilimradi nyumba ile isimame.

Nikapigia mstari masalia. Jibu nimelipata.

Wiki hiyohiyo mama akapiga simu kutoka Morogoro.

"Mwanangu, mpangaji wa chumba cha tatu anaomba tumsubiri hadi mwisho wa mwezi. Cherehani yake imeharibika. Nimwambieje?"

Ada yangu hutoka kwenye vyumba vitatu alivyotuachia marehemu baba. Nusura nijibu, "Mwambie alipe." Sikuwahi kujiuliza kodi inatoka wapi. Kwangu ilikuwa inaingia tu, kama zile 30.

Mwaka 1689, John Locke alitetea umiliki kwa hoja ya jasho: ukichanganya kazi yako na kitu cha asili, kinakuwa chako, mradi uwaachie wengine cha kutosha na kizuri vilevile. Baba alichanganya jasho lake na tofali za vyumba vile. Mimi nimechanganya nini?

Sisemi kodi ni wizi. Mama ni mjane, na mpangaji anahitaji paa. Lakini dhahabu ya masalia haitoki mfukoni mwa mtu yeyote. Mchezo unaiumba tu. Kodi yetu kila shilingi imepita kwanza chini ya sindano ya cherehani ile. Daftari langu lilikuwa limeiweka mahali pasipo pake. Sisi hatuishi kwa masalia, tunaishi kwa msafara: soko la yule mama likianguka, na letu limeanguka.

"Tumsubiri," nikamwambia mama.

Jumatatu nilikuwa dirishani kwa mhasibu wa chuo, naomba na mimi nisubiriwe.