Tonge la Mfungwa

Je, anayemfungia mnyama anawajibika kwa kila anachomeza? Naamini ndiyo. Mtu atasema hata chatu wa porini, hapa Kuluva, humeza vumbi na majani pamoja na windo lake. Kweli, ila huyo ana pori zima la kuwindia. Chatu mchanga aliyewekwa sandukuni hakuchagua kutandikiwa maranda ya mbao. Yakinata kwenye panya aliyelowa, yanaweza kumziba utumbo. Basi mfugaji amkaushe panya, amshike kwa koleo, atandike gazeti. Kibali kinachodaiwa na Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019 hakimpunguzii wajibu huo. Nyoka hana sauti ya kulalamika. Aliyemnyang'anya pori amejitwika kumchagulia hata mahali pa kulia chakula.