Deni la Maji na Dhima ya Aliyehama
Mpangaji ahamapo usiku akaacha deni la maji, hudaiwa mwenye nyumba, ikiwa mita ni ya jina lake. Hapo amedhulumiwa, lakini si halali kumtwika mpangaji mpya deni hilo, kwani Qurani imekataza nafsi kubebeshwa mzigo wa nyengine. Dawa imo katika Sura Al-Baqara: aya ya 282 yaamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, basi mita na isomwe na kuandikwa siku ya kuingia na ya kutoka. Na aya ya 280 yaamrisha mwenye dhiki apewe muhula. Ama aliyekimbia hali anacho, na azingatie hadithi ya Jabir: Mtume (S.A.W.) alijizuia kumsalia maiti aliyedaiwa dinari mbili tu, mpaka Abu Qatada alipozidhamini. Kuhama nyumba hakuondoi dhima.