Safari ya Hija na Mwenye Mguu Mbovu



Kila mwaka, ikaribiapo tarehe 3 Juni, Wakristo wengi sana hukusanyika Namugongo, nchini Uganda, kuwakumbuka Mashahidi waliouawa kwa ajili ya imani katika miaka ya 1885 hadi 1887, ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Mahujaji hutoka Kenya, Tanzania, Rwanda, na kwetu Kongo. Na wengi huenda kwa miguu. Sisi wa Masisi na Walikale, njia zetu zimefungwa na vita mara nyingi; lakini hamu ya kwenda haifungwi, na kila amani ipatikanapo watu huja kuandikwa. Hapo huzuka swali la dhamiri: mzee asiyeweza mwendo, mwenye ugonjwa wa presha au wa sukari, je, aandikwe pamoja na wengine?

Nianze kwa kuungama kosa langu. Mwaka mmoja nilikabidhiwa orodha ya mahujaji. Akaja mama mjane, mwenye mguu uliovimba tangu miaka mingi. Vijana wakanong'ona: «Mwalimu, huyu atatuchelewesha.» Nami nikalifuta jina lake, nikamwambia kwa maneno matamu: «Mama, wewe ubaki, utuombee.» Akajibu: «Ni vema, mwalimu. Lakini hukuniuliza mimi naweza nini. Umewauliza wenye mbio.»

Neno lile lilininyima usingizi. Nikatambua kwamba kuna makosa mawili katika jambo hili, nayo yaelekea kufanana na wema.

Kosa la kwanza ni la wale wasemao: «Tusibebe dawa, wala tusiulize habari za magonjwa, Mungu atatuchukua.» Ndugu, hiyo si imani, bali ni kumjaribu Mungu. Mwakumbuka katika Injili watu wanne waliomletea Bwana Yesu mgonjwa wa kupooza. Imani yao ilikuwa na mikono. Walimbeba, wakaona mlango umezibwa na watu, wakapanda juu, wakafungua dari, wakamshusha. Bwana aliiona imani yao katika kazi ile ile.

Kosa la pili lilikuwa langu: kudhani kwamba hija ni ya wenye nguvu. Mashahidi walipotolewa Munyonyo mwezi wa Mei 1886, mmoja wao, Gonzaga Gonza, aliumizwa miguu na minyororo hata akashindwa kwenda. Wauaji hawakumngoja, walimchoma mkuki njiani, tarehe 27 Mei. Lakini Kizito, mdogo kuliko wote, alikuwa mkatekumeni kama ninyi. Karoli Lwanga alimbatiza huko Munyonyo, na husimuliwa kwamba kijana yule aliomba kumshika Lwanga mkono ili asiogope. Basi tufikiri. Kumwacha asiyeweza mwendo ni desturi ya nani, na kushikana mikono ni desturi ya nani? Tukienda Namugongo kwa kuwaacha walio dhaifu, twawaheshimu Mashahidi kwa midomo, na miguu yetu yafuata wauaji.

Wala jambo hili si geni kwetu. Katika milima yetu, mgonjwa huchukuliwa kwa kipoyi hadi hospitali. Zamani wazee wetu walilazimishwa kumchukua mkubwa wa serikali katika kipoyi. Leo vijana wamchukua jirani, wakipokezana mabega, wala hakuna awalazimishaye. Mzigo ni ule ule; upendo ndio uliogeuza kazi.

Hata hivyo upendo haukatai busara. Mgonjwa naye ana wajibu wake, nao ni kusema ukweli. Twakumbuka Ebola katika Kivu ya Kaskazini, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, na jinsi ilivyovuka hata Uganda mwaka 2019. Afichaye homa yake ili asizuiwe mpakani huwapelekea wenyeji wake hatari badala ya sala. Tena hija si amri ya Mungu. Mganga akisema, «Safari hii yaweza kukuua,» kubaki ni utii, wala si aibu. Lakini neno hilo lisemwe na mganga baada ya kumpima mtu, lisisemwe na mwenye haraka.

Kwa hiyo, wenye kuandaa safari, yafaa kufanya hivi. Kwanza, kila mmoja apimwe katika kituo cha afya mapema. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano hudaiwa mpakani, nayo haina nguvu mpaka siku 10 zipite baada ya chanjo. Tusingoje siku ya mwisho. Pili, mwenye dawa za kila siku achukue za kwenda, za kurudi, na za siku za kukwama njiani. Azibebe mwilini, si juu ya gari, na majina yake yaandikwe katika karatasi. Tatu, kila dhaifu apewe mwenzi mzima, ajuaye ugonjwa wake. Nne, tutiapo fedha pamoja, tuweke akiba ya matibabu na ya kumrudisha atakayeugua. Tano, asiye na mbio atangulie, naye apime mwendo wa wote.

Safari ilipofanyika tena, jina la mama yule niliandika la kwanza, baada ya mganga kukubali. Alikaa mbele garini, mguu umenyoshwa. Na mahali pa kutembea, tulikwenda mwendo wake. Wale vijana walionong'ona ndio waliomchukulia mkeka na maji. Tulifika nyuma ya makundi mengine, lakini tulifika sote.

Wewe unayejitayarisha kwa Ubatizo, waingia katika familia inayosafiri. Kabla ya kulala leo, jiulize: katika kijiji changu, ni nani niliyemfuta katika orodha bila kumuuliza anaweza nini? Kesho nenda kwake, umuulize.