Amri ya Saba: Kilichoibwa Kina Mwenyewe

Katika nchi ya Kasongo na Kabambare, mpunga ukiisha kuvunwa huanikwa juu ya majamvi mbele ya nyumba. Wenyeji wamo mashambani, na mlinzi wa mpunga ni mtoto mdogo mwenye fimbo, naye hufukuza kuku tu. Fimbo ya kumfukuza mtu hana. Kijiji huishi kwa kuaminiana: pasipo uaminifu hakuna awezaye kwenda shamba, wala mtoni, wala Misa. Ndiyo sababu Mwenyezi Mungu mwenyewe aliweka ulinzi juu ya mali ya kila mtu, alipompa Musa amri zake mlimani Sinai. Amri ya saba inakataza wizi.

Wakatekumeni huijua amri hii kwa moyo tangu mwanzo wa mafundisho yao. Lakini wengi hudhani kwamba inasema juu ya mwizi tu. Sivyo. Inasema pia juu ya mwenye mali, yule aliyerudi nyumbani jioni akakuta jamvi tupu. Asiyemfikiri mtu huyo hajaielewa amri.

Wizi katika hadithi

Jioni, kando ya moto, wazee husimulia habari za Sungura. Wanyama wote walichimba kisima wakati wa ukame. Sungura alikataa kufanya kazi, kisha akaja usiku kuiba maji. Walinzi wote akawadanganya, mpaka Kobe alipojipaka ulimbo mgongoni na kumnasa. Watoto hucheka, na mara nyingi humhurumia Sungura kwa sababu ya werevu wake. Nani huwahurumia wanyama waliochimba kwa jasho lao, wakayakuta maji yao yamechafuliwa?

Iko pia hadithi ya Ali Baba na wezi arobaini. Mfaransa Antoine Galland aliisikia kwa msimulizi mmoja wa mji wa Aleppo, nchi ya Siria, akaitia katika kitabu chake mwanzoni mwa karne ya 18. Ali Baba maskini alijua neno la kufungulia pango la wezi, akabeba dhahabu yao. Mwishoni wezi wakafa, naye akatajirika. Msikilizaji hufurahi. Lakini dhahabu ile haikuwa ya wezi, wala haikuwa ya Ali Baba. Ilikuwa ya wasafiri walionyang'anywa njiani, na hadithi haiwataji tena. Hadithi humsahau mwenye mali. Amri ya Mungu haimsahau.

Wizi katika viumbe

Wataalamu wanaochunguza viumbe wameona hila za wizi hata kwa ndege. Mlamba, ndege mweusi mwenye mkia uliogawanyika kama panda, ni mmoja wao. Katika jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, wataalamu walimfuata kwa miaka. Mlamba hupiga kelele ya hatari kana kwamba mwewe anakuja. Wanyama wengine hukimbia na kuacha chakula, naye hushuka na kukila. Wakianza kutosadiki sauti yake, huiga sauti ya ndege mwingine. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu robo ya chakula chake hukipata kwa wizi wa namna hiyo.

Je, mlamba ametenda dhambi? La, kwa kuwa hana roho yenye akili na dhamiri. Mwanadamu anayo. Tena dhamiri hiyo yaweza kufa ganzi. Mwaka 2016 wataalamu wa University College London walieleza jinsi walivyowapima ubongo watu waliopewa nafasi ya kudanganya ili wapate faida. Mara ya kwanza uongo ulikuwa mdogo, na sehemu ya ubongo inayohusika na hisia ilishtuka. Kadiri walivyorudia, mshtuko ulipungua, na uongo ukakua. Wazee walilijua jambo hilo bila vyombo: aliyeanza kwa yai humalizia kwa mbuzi. Kwa hiyo mkatekumeni asiseme, "Ni kitu kidogo tu." Kidogo ndicho kinachoufundisha moyo kunyamaza.

Wizi katika nchi ya Maniema

Wako wezi wa kuku, na wako wezi wa nchi. Maniema inawajua wote wawili.

Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara ilivuka ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Lugha ya Kiswahili yenyewe ilifika Maniema kwa njia hiyo. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wenye bunduki waliwafyatulia risasi wachuuzi wa Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Msafiri David Livingstone alikuwapo, akaandika kwamba waliokufa walikadiriwa kuwa kati ya 330 na 400. Wengi wao walikuwa wanawake waliokuja kuuza mazao yao.

Mkubwa wa wafanyabiashara wale alikuwa Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, mtu wa Unguja, aliyekaa Kasongo na kutawala nchi kubwa. Katika habari za maisha yake, alizozitunga mwenyewe kwa Kiswahili, alisimulia jinsi alivyoupata utawala wa Utetera. Alisikia kwamba chifu mzee wa huko alikuwa na dada waliochukuliwa mateka zamani. Akajitangaza kuwa mjukuu wa ukoo huo. Mzee alisadiki, akampa utawala wake. Basi jamaa iliyokwisha kuibiwa watoto wake iliibiwa mara ya pili: machozi yao yalifanywa ufunguo wa kufungulia nyumba yao.

Mwaka 1893 askari wa Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa ya Leopold wa Pili, Mfalme wa Wabelgiji, waliitwaa Kasongo. Walisema wamekuja kukomesha biashara ya watumwa. Lakini dola hiyo hiyo ilikuwa imetangaza kwamba ardhi isiyolimwa ni mali yake, na katika sehemu nyingi za Kongo wanavijiji walilazimishwa kuleta utomvu wa mpira na pembe. Aliyepungukiwa alipigwa kiboko, na wengi waliuawa. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia serikali ya Ubelgiji nchi hiyo.

Katika kitabu cha Kutoka, sheria ya Mungu inamhukumu vikali kuliko wezi wote yule amwibaye mtu na kumwuza. Haiulizi kama mwizi ni Mwarabu, au Mzungu, au Mwafrika aliyemwuza jirani yake. Katika miaka ya karibuni watu wenye silaha wamepora vijiji vya Kabambare, nao wako chini ya sheria hiyo hiyo. Bunduki haigeuzi wizi kuwa haki, wala muhuri wa serikali haugeuzi.

Wizi wa kijijini

Lakini mkatekumeni hatahukumiwa kwa dhambi za Tippu Tip, wala za Leopold. Atahukumiwa kwa mikono yake mwenyewe. Kuiba si kuvunja mlango tu. Mnunuzi wa dhahabu ambaye mizani yake humpunja mchimbaji ni mwizi. Mchuuzi wa mchele aliyebonyeza kitako cha kopo ni mwizi. Tajiri asiyemlipa kibarua aliyemlimia, na kibarua aliyelala chini ya mti kisha akadai ujira kamili, wote wawili ni wezi. Anayesogeza mpaka wa shamba la mjane ni mwizi. Aliyekopa akiwa amekwisha kuazimia moyoni kutolipa ni mwizi.

Naye aliyeibiwa ana majaribu yake. La kwanza ni kwenda kwa mganga ili amtaje mwizi. Huko huvunjwa amri ya kwanza, na mara nyingi hutajwa mtu asiye na kosa, labda mzee asiye na mtetezi. La pili ni hasira ya kundi. Watu hupiga yowe, humkamata mtu, humpiga, hata humchoma moto kabla ya kuuliza neno. Siku za mwizi ni arobaini, lakini siku ya arobaini si ruhusa ya kuua. Kuku huweza kulipwa, uhai haulipwi.

Kurudisha

Sasa lije neno zito, linalowahusu hasa wanaongojea Ubatizo. Na iwe mfano wa mtu mmoja aliyeiba mbuzi wa jirani miaka mitatu iliyopita, naye mbuzi akazaa. Mtu huyo ameanza mafundisho, anasali, analia kwa dhambi zake. Usiku wa Pasaka atabatizwa. Je, asubuhi yake mbuzi watakuwa wake?

Hapana. Maji ya Ubatizo huosha dhambi zote za mwenye kutubu, lakini hayageuzi mbuzi wa jirani kuwa mbuzi wake. Dhambi ilimkosea Mungu, naye Mungu amesamehe. Deni ni la jirani, na jirani bado hajalipwa. Tena mtu anayeazimia kubaki na mali ya wizi, hali aweza kuirudisha, bado hajatubu. Huleta kichwa chake kwenye maji, na mkono wake ameuficha nyuma.

Sheria ya Musa ilidai kondoo wanne kwa kondoo mmoja aliyeibwa na kuchinjwa, na ng'ombe watano kwa ng'ombe mmoja. Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko, hakungoja kudaiwa. Bwana Yesu alipoingia nyumbani mwake, alisimama akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Hapo Bwana akatangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba hiyo.

Mtu asiseme kwamba siku nyingi zimepita. Patrice Lumumba, mzaliwa wa Sankuru, jirani ya Maniema, aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Polisi Mbelgiji aliyeshiriki kuiharibu maiti yake alichukua jino. Tarehe 20 Juni 2022, baada ya miaka 61, jino hilo walikabidhiwa watoto wake mjini Brussels, likazikwa Kinshasa. Ilikuwa jino moja tu, lakini lilikuwa na wenyewe, nao walikuwa wakilingoja.

Ikiwa jino lililingojewa hivyo, je, mbuzi wa mjane?

Maswali kwa wakatekumeni

*Mtu aliyeiba arudishe nini?* Arudishe kitu chenyewe, pamoja na mazao yake. Kama hakipo tena, alipe thamani yake.

*Kama mwenye mali amekufa?* Awape warithi wake. Kama hajulikani kabisa, awape maskini, asijiwekee mwenyewe.

*Kama hawezi kulipa yote?* Aanze kwa kidogo, akaendelee. Asiyeweza hata kidogo awe na nia ya kweli ya kulipa siku atakayoweza.

*Je, ni lazima ajitangaze mbele ya watu?* Si lazima. Aweza kurudisha kwa siri, au kwa mkono wa Padri, ambaye hatamtaja.

*Mwizi aliyesulibiwa pamoja na Bwana alirudisha nini?* Mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari, hakuweza kurudisha kitu. Alitoa alichobaki nacho: alikiri kwamba adhabu yake ni ya haki, akamtetea Yesu asiye na kosa, akaomba akumbukwe. Naye aliahidiwa Paradiso siku ile ile. Lakini mikono ya mkatekumeni haijapigiliwa misumari. Ingali inaweza kufungua mlango wa zizi, na kushika kamba ya mbuzi, na kumpeleka kwa mwenyewe kabla Pasaka haijafika.