Bustani ya Nyasi na Haki ya Mwenye Kiu



Limeletwa mbele yetu suala ambalo huenda likaonekana dogo. Ukame unapoingia, watawala wa mji huweka sheria ya kuwakataza watu kumwagilia nyasi za majumbani mwao. Mwenye nyumba husema: "Maji haya nayalipia kila mwezi, na nyasi ni zangu, ndani ya ua wangu. Ni nani mwenye haki ya kuniamuru?" Je, ana hoja mtu huyu? Na lau akitii mchana, kisha usiku akafungua bomba lake, atakuwa amemdhulumu nani?

Kulijadili jambo hili bila ya mfano ni kutwanga maji kinuni. Basi natutazame yaliyoupata mji wa Cape Town, huko Afrika ya Kusini. Mji huo hutegemea mabwawa yanayojazwa na mvua za katikati ya mwaka. Mvua hizo zilipungua sana tangu 2015 hata 2017, na mwanzoni mwa 2018 watawala wakatangaza kwamba huenda mabomba yakafungwa mwezi wa Aprili, watu wakapange safu kuteka lita 25 kila mmoja. Tangu tarehe 1 Februari 2018 kila mtu aliamriwa asizidishe lita 50 kwa siku, kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua. Kumwagilia bustani kwa maji ya mji kulikatazwa kabisa.

Sisi wa pwani twazijua lita 50. Ni mitungi miwili na nusu ya mwenye mkokoteni. Ama mpira wa bustani, ukiachwa wazi kwa muda wa saa moja, waweza kumwaga lita 1,000, ambazo kwa kipimo hicho ni maji ya mtu mmoja kwa siku 20.

Tuitazame sasa hoja ya malipo. Anacholipa mtu ni gharama ya bwawa, mabomba, dawa ya kusafishia na ujira wa wafanya kazi. Mvua yenyewe haina muuzaji, na bwawa likikauka, fedha za matajiri wote wa mji hazilijazi. Wanazuoni wa fiqhi wamepambanua tangu zamani: maji uliyoyateka katika chombo chako ni yako, ama ya mtoni ni ya watu wote. Mwenye bustani atasema kwamba maji ya bomba yamekwisha tekwa. Naam, yametekwa, lakini aliyeyateka ni mji kwa niaba ya wakazi wake wote. Yeye ni mshirika katika chombo hicho, na mshirika hatumii mali ya shirika kama apendavyo, khasa siku ya dhiki.

Wala haki ya bustani haikanushwi. Huko Omani iko mifereji ya kale iitwayo falaji, ambayo mitano kati yake iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Falaji ikifika mjini, mahali pa mwanzo ni pa kuteka maji ya kunywa, na hapo kila mtu huteka. Kisha maji hupita penye misikiti na mahali pa kuogea, na mwisho ndipo yanapogawiwa mashamba kwa zamu. Mwenye zamu ana haki ya kweli, hata aweza kuikodisha au kuiuza. Ila haki yake yaanza baada ya mwenye kiu kunywa. Sheria ya nyasi haikufanya zaidi ya kuurudisha mpangilio huo.

Wako wasemao: "Mbona ni sisi wenye bustani tu? Na wakulima je?" Wakulima wa jimbo lile nao walipunguziwa maji yao. Tena mwezi wa Februari 2018 wakulima wa upande wa Grabouw waliyafungulia mji maji waliyoyaweka katika mabwawa yao, kiasi cha lita bilioni 10. Ama majumbani, watafiti walioeneza kazi yao mwaka 2023 walikadiria kwamba matajiri na wenye uwezo, ambao hawafiki asilimia 14 ya watu wa Cape Town, hutumia zaidi ya nusu ya maji ya majumbani. Maskini wa vitongojini, atekaye bomba la shirika kwa ndoo, hana nyasi za kuacha kumwagilia. Sheria imemwelekea mwenye cha kuacha, na huo ndio uadilifu wake.

Iko hoja ngumu kuliko hizi. Wengi wenye uwezo walichimba visima katika nyua zao, wakaweka kibao kuwajulisha wapitao kuwa nyasi zile zanyweshwa maji ya kisima. Sheria ya bomba haikuwagusa. Je, wamesalimika? Katika sheria ya nchi ile ya mwaka 1998, maji yote, ya juu na ya chini ya ardhi, ni amana mikononi mwa serikali kwa ajili ya watu wote. Mwenye ardhi hayamiliki. Na katika ukame ule visima navyo viliwekewa mpaka: kumwagilia kwa saa moja tu, siku ya Jumanne na Jumamosi, asubuhi kabla ya saa tatu au jioni baada ya saa kumi na mbili. Sababu yafahamika. Ukuta wa ua haushuki hata kwenye maji yaliyo chini. Na katika pwani yetu, kisima kikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari huingia ardhini, na jirani akaamka kisima chake kina chumvi. Kwa hivyo, hata pale ambapo mtawala hakukataza, aliyejaaliwa fedha za kuchimba ajiulize ni nani anywaye katika maji yale yale. Ruhusa ya sheria haimwondolei swali hilo.

Twakiri kwamba wako watawala wanaowakaza raia ilhali mabomba ya mji yamepasuka na kumwaga njiani miezi mizima, au wanaowafumbia macho wakubwa. Hao wana dhambi yao, na yatupasa kuwaambia wazi. Lakini uzembe wa mlinzi haumhalalishii mtu wizi.

Na khasara yenyewe ni kiasi gani? Nyasi nyingi za majumbani kule Afrika ya Kusini huitwa kikuyu, kwa kuwa asili yake ni nyanda za juu za huku kwetu Afrika Mashariki. Zikikosa maji hugeuka rangi ya majani makavu, na mvua ikinyesha huchipuka tena kutoka mashina yake yaliyomo ardhini. Anayetii huvumilia ua usiopendeza kwa msimu mmoja. Mtoto aliyekosa maji ya kunywa hawezi kungoja msimu.

Watu wa Cape Town, ambao mwaka 2015 walitumia kiasi cha lita bilioni 1.2 kwa siku, walishuka mwanzoni mwa 2018 hata karibu na milioni 500. Siku iliyoogopwa haikufika, na katikati ya mwaka huo mvua zikanyesha. Askari wa kusimama penye kila bomba hakuwako, wala hawezi kuwako mji wowote. Yaliyobaki katika mabwawa yalibaki kwa sababu watu wengi walijizuia mahali wasipoonekana. Basi wewe mwenye bustani, Nyali au Nairobi, usiku ukiushika mpira wa maji na jirani zako wamelala, kumbuka kuwa hayo ni ya shirika, na washirika wako wengine wanangoja mkokoteni.

Wabillahi tawfiq.