ADABU YA MWALIMU NA MWANACHUO: KHABARI YA VYUO VYA UJIJI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeijaalia kalamu kuwa chombo cha kumfundishia mwanadamu asiyoyajua. Na sala na salamu zimshukie Mtume wake Muhammad, pamoja na aali zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Watu wa pwani wana desturi ya kudhani ya kuwa elimu ya dini hukoma pale unapokoma upepo wa bahari. Dhana hiyo haina asili. Mji wa Ujiji, ulio kando ya Ziwa Tanganyika, umekaliwa na Waislamu tangu zamani za misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora. Wazungu Burton na Speke walipofika huko mwaka 1858 waliwakuta Waarabu na watu wa pwani wamekwisha kutangulia. Na Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, alikuwa mkubwa wa mji kwa miaka mingi. Reli haikufika Kigoma hatta mwaka 1914. Kwa hivyo msahafu uliokwenda na misafara ile ulichukuliwa kwa miguu miezi kadha wa kadha, ukavuka mito na nyika, ndipo ukafunguliwa mbele ya mtoto chini ya mwembe. Kitu kilichofikishwa kwa taabu kama hiyo chastahili kuangaliwa namna kinavyofundishwa.

Na penye shida hapana mbali. Mwenye kutaka kuiona na aangalie chuo chochote cha ufuoni, Ujiji au Kibirizi, asubuhi ya siku za mwisho wa mwezi.

Usiku wa giza ndio usiku wa dagaa. Wavuvi huingia ziwani jioni na taa zao; zamani ilikuwa mienge ya moto, kisha zikaja karabai, na leo ni taa za betri. Samaki hufuata mwangaza, na alfajiri mitumbwi hurudi. Mtoto wa mvuvi huamshwa mapema kupokea, kuchukua na kuanika mchangani. Akiisha kazi hiyo huja chuoni, na magamba yangali mikononi, akakaa mkekani, akafungua juzuu, akasinzia.

Mwalimu auona usingizi, akasema: mtoto huyu aidharau elimu. Mtoto aiona fimbo, akasema: mwalimu huyu anichukia. Kila mmoja amemhukumu mwenziwe pasipo ushahidi, na lau wangeulizana neno moja tu hukumu zote mbili zingetanguka. Kisha mtoto hujifunza kitu ambacho mwalimu hakukusudia kumfundisha, nacho ni uwongo: kesho ataaga kwao kuwa aenda chuoni, naye aenda gatini. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 wa Hijra (1406), ameeleza katika Muqaddima yake ya kuwa mwanafunzi alelewaye kwa ukali hupoteza uchangamfu wa nafsi, akazoea hila na uwongo kwa kuiogopa mikono ya walio juu yake. Aliyaandika hayo Maghribi na Misri, walakini mwenye kuujua ufuo wa Ujiji atadhani aliandika huko.

Hapa wazee hujibu kwa maneno yajulikanayo: baba humpeleka mwanawe kwa mwalimu akasema, nyama ni zako, mifupa ni yangu. Maneno haya yamesemwa sana hatta yakadhaniwa kuwa ni sharia. Siyo. Baba hawezi kutoa asichokimiliki, na nyama ya mwanawe si milki yake. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi'i wamelieleza jambo hili waziwazi, na Imam Nawawi amelitia katika Minhaj, kitabu ambacho kila mwalimu wa pwani hukitaja: mlezi, mtawala, mume na mwalimu, yeyote miongoni mwao atiaye adabu yakatokea madhara, dhamana humlazimu. Ruhusa ya kutia adabu imefungwa kwa salama. Mwenye kuvunja mkono wa mtoto kwa ajili ya herufi ya dhadi amekosa kote kuwili, kwani mkono umevunjika na dhadi haikutengenea.

Na kama hukumu hazitoshi, mwendo wa Mtume (S.A.W.) watosha. Amepokea Imam Muslim khabari ya Muawiya bin al-Hakam as-Sulami, aliyekuwa mgeni katika dini. Mtu alipiga chafya ndani ya sala, naye Muawiya akamwombea rehema kwa sauti. Watu wakamkazia macho, wakapiga mapaja yao kumnyamazisha. Ilipokwisha sala, Mtume hakumkunjia uso, wala hakumpiga, wala hakumtukana. Alimweleza tu ya kuwa sala haifai kuchanganywa na maneno ya watu, bali ni tasbihi na takbiri na kusoma Qurani. Muawiya alishuhudia baadaye ya kuwa hakumwona mwalimu bora kuliko huyo, kabla yake wala baada yake. Yapasa kutazama: kosa lilikuwa ndani ya sala yenyewe, si katika kusinzia juu ya juzuu.

Wa ama mwanachuo, naye asifurahi upesi. Yako makosa ambayo hayatokani na fimbo. Wako vijana waliokwisha kuhitimu, wakashika Safina ya Sheikh Salim bin Sumayr wakaisoma kwa moyo, na mtu akiwauliza kwa Kiswahili yatanguayo udhu hunyamaza. Kuhifadhi si aibu. Ndiyo njia waliyopita wote waliotangulia. Aibu ni kuhifadhi kisha kuona haya ya kuuliza maana, kwa kuwa mwenye kuuliza atachekwa barazani. Na wako wengine waulizao sana, walakini swali lao ni mtego wa kumwangusha mwalimu mbele ya watu.

Baina ya hao wawili iko njia ya tatu, nayo imo katika hadithi ya Jibrili. Malaika alikuja kwa sura ya mtu, akakaa mbele ya Mtume, magoti yakielekeana, akauliza, ili waliokuwapo wapate kujifunza. Na alipoulizwa khabari ya Kiyama ni lini, Mtume hakuona vibaya kueleza ya kuwa ujuzi wa jambo hilo hakupewa. Basi aliye bora wa walimu alikiri hivyo mbele ya sahaba zake, na mwalimu wa leo huona ni heri atunge jibu kuliko kukiri! Ibn Abbas naye, pamoja na ukoo wake, alikuwa akilala mlangoni pa Ansari mmoja, upepo ukimrushia vumbi, akingoja atoke apate kumwuliza hadithi. Hakubisha hodi kumkatiza usingizi. Mwanachuo asiyeweza kungoja mwalimu amalize sala ya sunna, na aifikiri khabari hiyo.

Limebaki jambo ambalo watu hupenda kulipita kimya, nalo ni ada. Mama yake Imam Shafi'i alikuwa mjane, hana cha kumpa mwalimu. Mwalimu yule aliridhia kijana awasimamie wenziwe kila yeye anapotoka, hiyo ikawa ndiyo ada yake. Lau angalimfukuza, madhehebu haya yangaliitwa kwa jina la nani? Lakini kisa hiki hakikuwekwa kwa ajili ya baba mwenye mtumbwi na nyavu, ambaye huuza dagaa kwa magunia, na ikifika siku ya ada husema mwalimu analipwa na Mungu. Mwalimu arudiye chuoni kutoka sokoni mikono mitupu huja na hasira isiyo ya mtoto, na mtoto ndiye aliye karibu naye.

Tena Waislamu huhesabu siku zao kwa mwezi, na mvuvi vivyo hivyo. Siku za katikati ya mwezi, zile za kufunga sunna, tarehe 13, 14 na 15, mbalamwezi huwa kali, taa hazivuti dagaa, na mitumbwi hupumzishwa. Watoto huwa wamelala usiku kucha. Hizo ndizo siku za kuwapa sura mpya na mlango mgumu wa Safina. Mwezi ukiisha kupungua na usiku ukawa giza, yatosha muraja'a ya yale waliyokwisha kuyasoma, baada ya Alasiri, walipokwisha kupumzika. Na atakayesinzia hatta wakati huo, aulizwe kwanza jana alilala saa ngapi.