Haki ya Kutoulizwa

Mwalimu huzoea kuamini kwamba swali halina ubaya. Chuoni, mwanachuo aliyeuliza tulimsifu hata kama swali lenyewe halikuwa na kichwa wala miguu. Lakini yapo maswali ambayo mtu ana haki ya kukataa yasiulizwe kabisa, na aliyenifanya nilifikirie jambo hili hapa Kimara, katika ustaafu wangu, si mwanafalsafa yeyote. Ni simu.

Kwa msomaji asiyezoea vyombo hivi yafaa nieleze kidogo. Ukifungua tovuti ya benki, ya pensheni au ya barua pepe, unaandika jina lako na nywila, ambayo mitaani kwetu wengi huiita pasiwedi. Ukimaliza tu, programu ya kutunza nywila iliyomo ndani ya simu inachomoza na kuuliza: nikutunzie? Ukikubali, safari nyingine itakuandikia yenyewe. Ukiipuuza, huenda kesho ikauliza tena. Lakini katika programu kama Chrome ya Google lipo jibu jingine, nalo ni kamwe. Ukilibonyeza hilo, haitakuuliza tena juu ya tovuti ile, ingawa kwa nyingine zote itaendelea na kazi yake.

Sisemi kwamba mtunzaji huyu ni mbaya. Mjukuu wangu husema kuwa anayetumia jina la kijiji chake kama nywila ya kila mahali yumo hatarini kuliko anayemkabidhi mtunzaji nywila ndefu, tofauti kwa kila tovuti, na kweli kichwa cha mtu wa miaka sabini na ushei hakiwezi kuzibeba hizo. Ukurasa wangu wa PSSSF, mfuko uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganishwa PSPF, LAPF, GEPF na PPF, nimemkabidhi bila wasiwasi. Kamwe nimeibonyeza mahali pamoja tu, kwenye hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu na funguo zake wanazo watu watatu. Nikiongeza mshika funguo wa nne bila kuwauliza wenzangu nitakuwa nimegawa kisicho changu.

Nywila zenyewe zilizaliwa kwa ajili ya chombo cha wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT kule Marekani, Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo wa kuwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja, na kila mmoja alitaka kazi zake zisiguswe na mwingine. Hata hivyo mwaka 1966 ilitokea hitilafu, na kila aliyeingia akaonyeshwa orodha ya nywila zote mahali pa tangazo la siku. Wenye nyumba zenye simu moja wataelewa vizuri mashaka ya watu wale.

Nyumba ya namna hiyo ni ya mwalimu mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ana watoto wa sekondari. Simu yao yenye intaneti ni moja. Asubuhi baba anasoma habari, jioni watoto wanafanyia kazi za shule. Mama huyu amefungua akaunti ya akiba kwa ajili ya ada, na huitazama kupitia tovuti ya benki. Kila akiingia, kile kidirisha kinachomoza. Siku moja mtoto aliyekaa kando yake alilisoma jina la benki kwa sauti. Akaja kwangu. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Mwalimu, nataka kuifunga mdomo hii simu."

Nilimwonyesha kamwe ilipo. Kisha nikamwonyesha na jambo ambalo wengi hawalijui: ndani ya mipangilio, upande wa nywila, programu huweka orodha ya tovuti zote ulizozikataa. Anayeifungua anazisoma. Ni sawa na kumwambia bawabu asiulize habari za mlango fulani, naye akauandika mlango huo katika daftari lake asije akasahau. Ukilifuta jina katika orodha, swali linarudi. Njia nyingine ni kuzima kabisa utunzaji wa nywila kwa tovuti zote, ila hapo wengine nyumbani watauliza nani ameuzima. Na kumbukumbu ya kurasa zilizofunguliwa ni shahidi mwingine tena, mwenye mdomo wake.

Hapo suala la simu likageuka kuwa la nyumba. Je, mama huyu anamdhulumu mumewe? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na ya mwanamume ya kupata, kumiliki na kuuza mali. Basi fedha ya mshahara wake ni yake. Lakini sheria hailali chumbani kwao. Akiba ya kwanza, ambayo mume aliijua, ilinunua pikipiki iliyouzwa kabla ya mwaka kwisha.

Nilimwambia ninavyoamini. Simu hatuiwii jibu. Haina mtoto shuleni wala haizeeki pamoja nasi, kwa hiyo mtu anaweza kuiambia kamwe na asivunje urafiki wowote. Mume ni mwingine. Kumnyima jibu ni jambo zito, lakini bado mnatazamana, naye anajua kwamba amenyimwa. Kupanga mambo hata asijue kuwa lipo la kuuliza ni kumwondoa kabisa katika mazungumzo ya nyumba yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ileile ya chuoni. Kisha akasema, "Mwalimu, wewe unazungumzia mume anayeuliza. Wangu haulizi. Anachukua."

Sikuwa na jibu la haraka, na hadi leo naona neno lake lina uzito kuliko nilivyopenda. Anayechukua bila kuuliza ameliacha mwenyewe swali lake njiani. Ni vigumu kudai kwamba wengine wamlindie. Nilishikilia jambo moja tu. Nilimwuliza yule mtoto aliyesoma jina la benki aliambiwa nini. Akainamisha macho. Aliambiwa anyamaze, asimwambie baba. Hilo nililikataa waziwazi. Mashine inaweza kukaa na siri ya mtu miaka kumi bila kukosa usingizi, lakini mtoto wa darasa la sita anayeibeba siri ya mama yake mbele ya baba yake anakula chakula cha jioni akiwa na kazi ya mtu mzima.

Aliichukua simu na kuzima utunzaji wote kwa mkono wake mwenyewe, akasema wakiuliza nani ameuzima atajibu ni yeye. Kuhusu mtoto, alisema atazungumza naye usiku uleule. Atamwambia nini, alikuwa bado hajajua alipoaga kwenda kupanda mwendokasi.